Kijani Aliyepisha Njia

Dirisha la chumba alichokuwa akiishi bibi Kwandu linatazama uani kwangu, tena kwa karibu sana. Nikianika nguo na upepo ukavuma, mkono wa shati la mume wangu unaingia kwake kusalimia. Kwa hiyo mtu asiniulize niliyajuaje ya nyumba ile. Mimi ni fundi cherehani, nashinda nyumbani, na masikio hayana pazia.

Tena mimi si wa huku. Kwetu ni Machame, na ni kazi ya mume wangu katika mambo ya maji iliyotuleta Bariadi. Jina langu Harieth, lakini mtaani hakuna anayelitumia. Ni Mama Tumsifu, basi. Kisukuma changu ni cha sokoni: najua kusalimia mwangaluka, najua kushukuru wabeja, na najua kukataa bei. Mengine huwa nayaona, nakasirika kwanza, halafu naelewa baadaye. Hili la ukwe nilikasirika nalo muda mrefu.

Nyumba ya jirani wanaishi Luhaga na mkewe Elina. Luhaga ni mzaliwa wa Kimali, kule Meatu, fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Ni mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anayeomba ruhusa. Elina anauza vitenge sokoni, na mdomo wake ni mwepesi kuliko wa mumewe. Hawajajaliwa mtoto bado. Mwaka jana, baada ya mavuno, mama yake Elina, ndiye huyo bibi Kwandu, alianguka uani kwake Nkoma akavunjika mguu. Alikuwa akiishi peke yake. Mume alishafariki na wanawe wa kiume wako machimboni Geita. Alilala pale chini juani tangu asubuhi, mpaka Elina aliyekuwa amekwenda kumsalimia bila taarifa alipomkuta jioni, midomo imepasuka, kuku wanamzunguka. Elina akampeleka hospitali, na kutoka hospitali akamleta nyumbani kwake. Mguu ukaunga. Bibi akabaki.

Sasa kwa Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani hivi hivi. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anatoka kando, anageuza uso, anasubiri mwenzake apite. Maneno baina yao yanapitia kwa mtu mwingine, mara nyingi mtoto wa nyumba. Si chuki, ni heshima. Vijana wengi wa mjini siku hizi wameilegeza, utawaona harusini wamekumbatiana na mama wakwe wakipiga picha. Lakini Luhaga alilelewa na babu yake, na bibi Kwandu ni bibi Kwandu. Kijijini desturi hiyo haimbani mtu, kwa sababu mkwe anakaa kwake na njia ni nyingi. Taabu ilianza ilipohamia ndani ya nyumba yenye vyumba viwili na sebule moja.

Sebule ile ndiyo njia ya kwenda kila mahali. Chumba cha bibi kinafungukia sebuleni, jiko liko upande wa pili, choo na bafu viko uani. Luhaga akirudi kazini alikuwa anakohoa getini kama mtu mwenye kifua kibovu. Bibi aliyekuwa jikoni akisikia tu, anaacha mwiko sufuriani, anakimbia na mguu wake ule wa kuunga, anaingia chumbani, anafunga mlango. Ndipo Luhaga anaingia. Baada ya hapo bibi hatoki mpaka Luhaga aende kulala au atoke tena. Luhaga naye alijitahidi, maskini. Chai alinywea barazani. Taarifa ya habari aliisikilizia dirishani, kwa nje, kama mpita njia. Walikuwa wanazungukana humo ndani, huyu akiingia yule anatoka, na mimi nilikuwa nasikia milango tu.

Siku moja nikagundua kuwa bibi hanywi maji mchana. Nilimpa glasi ya maji ya ndimu dirishani, jua likiwa kali, akaishika, akaiangalia, akanirudishia.

"Kunywa mayu, mama yangu, joto hili," nikamwambia.

"Nikinywa, baadaye nitapita wapi?" akasema.

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona mfuko wa suruali ya watu upande usio wake, kwa hasira.

Wahenga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa ndiye anayelililia hilo jembe na hapewi. Mawingu yalipoanza kukusanyika mwishoni mwa mwaka, akawa ananituma. Dirisha lake halioni mbingu, linaona ukuta wangu na kamba ya nguo. "Mama Tumsifu, hebu toka barabarani uniangalizie, upande wa Nkoma kumekaaje?" Nami natoka, nasimama na futi yangu shingoni, naangalia, narudi kumwambia kumekuwa kweusi, au kumepauka. Shamba lake la pamba lilikuwa halijaguswa. Shamba likikaa misimu miwili bila mwenyewe, alinieleza, watu wanaanza kulipita katikati, halafu wanalima pembeni, halafu wanasahau lilikuwa la nani.

"Sasa kwa nini usiende? Mguu si umepona?"

"Mkwe amekataa," akasema. "Elina alimwomba, akakataa. Anasema ukoo utamsema kwamba amemfukuza mama wa mkewe. Na neno la mkwe mimi sina pa kulijibia."

Tangu siku hiyo nikaanza kumsalimia Luhaga nusu nusu. Anasema "Habari za asubuhi, Mama Tumsifu," mimi najibu "Nzuri" na kugeukia ndoo. Nilimwona mtu mwovu anayejificha nyuma ya upole. Na ubaya ni kwamba msimu wa kuchambua pamba ulikuwa umekwisha, kiwanda kimefungwa, akawa anashinda nyumbani kutwa nzima. Halafu mvua zikaanza kweli, za kumwagika, na barazani hapakukalika tena. Luhaga akaingia sebuleni akakaa. Bibi akafungiwa ndani asubuhi mpaka jioni, isipokuwa pale Luhaga alipojikumbusha, akajifunika koti na kwenda kusimama dukani bila sababu ili mama mkwe apate kwenda uani.

Hapo ndipo alipokuja Martha na mchezo wake.

Martha ni dada mdogo wa Luhaga. Amemaliza kidato cha nne, alikuwa anasubiri matokeo, akaletwa mjini apumue, akalazwa chumba kimoja na bibi Kwandu. Msichana mcheshi, simu haimtoki mkononi. Mchezo wenyewe, alituambia, ni wa zamani sana, wa enzi za mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, ila sasa wameufufua ukawa wa simu na wa kuchezwa na watu wengi kwa mpigo, kila mtu na simu yake. Kuna nyumba ya kuta na vichochoro, ukiitazama kwa juu. Kila mchezaji ni kidude cha mviringo chenye mdomo, kina rangi yake. Unakimbia vichochoroni ukila punje. Nyuma yenu kuna mazimwi yanawafukuza nyote. Ukila punje kubwa unavimba, na kwa muda mfupi unaweza kummeza yeyote, zimwi au mchezaji mwenzako. Anayebaki mwisho ndiye mshindi.

Luhaga ndiye aliyekuwa na bando, akawarushia mtandao kwa simu yake. Ukuta ni mwembamba, mtandao ukanifikia hata mimi, nikaingia. Mtu mzima mimi, na nguo za wateja zinanisubiri! Mvua ilikuwa imetuweka wote ndani, na kwa kweli ulikuwa mchezo mtamu. Luhaga sebuleni alikuwa bluu. Mimi nyumbani kwangu nyekundu. Martha chumbani njano. Na siku ya pili yake akatokea wa nne, kijani.

"Kijani ni nani?" Luhaga akauliza kwa sauti kutoka sebuleni.

"Rafiki yangu wa Dutwa, tulisoma naye," Martha akajibu kupitia mlangoni.

Mimi nilikuwa nimeshaona kupitia dirishani. Bibi Kwandu alikuwa amekaa kitandani, ameshika simu ya zamani ya Martha yenye kioo kilichopasuka, kidole kimoja kimenyooka kama mtu anayeonyesha nzi. Martha alikuwa amemfundisha. Rangi ya kijani alichagua mwenyewe, akisema ni ya pamba changa. Yale mazimwi alikataa kuyaita hivyo. "Hao ni fisi," alisema. "Tazama wanavyonyemelea pembeni." Basi sote tukayaita fisi, na Luhaga kule sebuleni, bila kujua nani kayabatiza, naye akayaita fisi.

Bibi yule alikuwa hatari. Amechunga ng'ombe utotoni, anajua kuona mbali nani atatokea wapi. Alikuwa ananimeza mimi kama ugali. Anamsubiri Martha kwenye kona, anammeza. Halafu anakuja dirishani, macho yanacheka, ananiambia, "Wabeja, Mama Tumsifu, leo umenishibisha." Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Nikamuuliza anaupendea nini mchezo ule wa watoto.

Akafikiri. "Mle ndani natembea," akasema.

Mtu ana shamba, ana uwanja, ana njia za kwenda kisimani na kanisani, na sasa anatembea ndani ya kioo kilichopasuka. Nilimchukia Luhaga upya siku ile.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu katika uchezaji wa kijani, nami sikukielewa. Hakumgusa bluu kamwe. Akimwona bluu anaingia kichochoro, yeye anageuka. Kama hakuna pa kugeukia anaingia kona yoyote, hata penye fisi, na kuliwa. Luhaga akadhani anaogopwa. Wanaume bwana! Akaanza kumfuata kusudi, mvua inapiga bati, yeye anapiga kelele sebuleni: "Kijani, leo nakumeza! Unakimbilia wapi wewe? Njoo hapa!" Upande wa pili wa mlango ule, mama mkwe wake ameinamisha kichwa na simu mkononi, anageuza njia. Martha alikuwa anaziba mdomo kwa kanga asicheke. Mimi nilikuwa nacheka kwangu mpaka sindano inanichoma.

Ikatokea siku moja Martha hakuwepo, ametumwa sokoni kwa Elina. Tulikuwa watatu mchezoni. Fisi wakanila mapema, nikabaki mtazamaji. Bluu alikuwa amebanwa. Fisi nyuma, fisi kando, na mbele yake kichochoro kimoja tu, na mdomoni mwa kichochoro hicho amesimama kijani, ametoka kula punje kubwa, amevimba. Alibakiza hatua moja tu ammeze, ashinde. Mtoto yeyote angefanya hivyo. Mimi ningefanya hivyo na kupiga vigelegele.

Kijani hakufanya. Alirudi nyuma taratibu mpaka kwenye kijia cha pembeni, akaingia humo, akageuzia mdomo wake ukutani, akatulia. Akasubiri. Bluu akapita. Kijani hakutoka mpaka bluu alipokwisha kupita kabisa, na kufikia hapo nguvu ya punje ilikuwa imekwisha, fisi wakamkuta pale pale wakamla.

Hapo, kwa mara ya kwanza, nikaelewa nilichokuwa nakiona kila siku. Halafu nikasikia kiti kikiburutwa, mlango ukafunguliwa, na dakika hiyo hiyo Luhaga alikuwa mlangoni kwangu, hana koti, maji yanamchuruzika.

"Mama Tumsifu," akasema, "kijani ni nani?"

"Unamjua," nikamwambia.

"Mtoto wa shule wa Dutwa hawezi kupisha namna ile."

"Basi umejijibu."

Akakaa kwenye kibao cha wateja. "Gashi! Kumbe nimemkimbiza mama wa mke wangu," akasema. "Nimemwita njoo hapa. Nimemwambia nitakumeza, tena kwa kelele, na yeye ananisikia."

Nilikuwa na kicheko tayari kooni, kikarudi chini chenyewe. Kwake halikuwa jambo la mchezo. Akanieleza kwamba ukimkosea mkwe hivyo, hata kwa kutojua, unatuma mtu kwenda kuomba radhi, na aliyekosewa anasema mwenyewe anataka nini, mara nyingi mbuzi, ili roho yake itulie. Unatoa, na yanaisha. Mtu huyo hawezi kuwa Elina. Elina ni mtoto wa kule na mke wa huku, ana mguu pande zote mbili.

"Nenda wewe," akasema. "Wewe si wa huku wala wa kule."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi niko kule kabisa, na kwamba ana makosa makubwa zaidi ya hilo la simu. Lakini nikajifunga kanga nikaenda. Sikupitia dirishani safari hii. Nilizunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikavuka sebule, nikabisha, nikakaa kwenye kigoda, nikasema maneno kama nilivyoagizwa.

Bibi Kwandu alisikiliza akitazama mikono yake.

"Nduhu mhayo," akasema. "Hakuna neno. Hakujua. Na mimi nilikuwa najua, kwa hiyo kosa kama lipo tumegawana." Nikadhani amemaliza. "Lakini kwa kuwa ameuliza nataka nini, mwambie sitaki mbuzi. Mwambie alegeze neno lake, aniache niende kwangu. Mvua zimeshika. Nikichelewa tena, nimekwisha."

Nikarudi kwangu chini ya mvua, nikamkuta Luhaga amekaa vile vile. Nikampa maneno, na mimi nikaongeza chumvi yangu: kwamba ni aibu mwanamume kumfungia mzee wa watu ndani kwa kuogopa maneno ya ukoo.

Akaniangalia kama niliyeongea Kichaga.

"Neno langu lipi?" akasema. "Mama Tumsifu, mimi nimeuliza mara ngapi, mama atarudi lini kwake, nimtafutie usafiri, niende kumwezekea paa? Elina ananijibu mama mwenyewe hataki. Anasema mama amechoka na Nkoma, anaogopa, anataka kufia hapa kwetu. Mimi ningesemaje? Ningemwambia mama mkwe atoke?"

Tukatazamana. Nadhani sote wawili tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Maneno yote ya nyumba ile, tangu siku bibi alipoletwa, yalikuwa yakipitia kinywa kimoja. Hakuna mtoto wa kutumwa. Huyu hawezi kumuuliza yule, yule hawezi kumuuliza huyu, na katikati yao amesimama Elina na kikapu chake cha vitenge, anachukua neno upande huu, analitupa njiani, anapeleka lingine. Nilimkasirikia mpaka masikio yakapata moto. Na Luhaga wa watu nilikuwa nimemnyima salamu!

"Nisamehe," nikamwambia.

"Nini?"

"Basi tu."

Elina alirudi jioni na Martha, wameloa, wanacheka. Alipotukuta, mumewe amesimama karibu na mlango wa nje, mimi katikati ya sebule, mlango wa mama yake umefunguka kidogo, kicheko kikamwisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye aliiona ilipoishia.

Nilisema mimi, kwa kuwa ndiye niliyetumwa. Nikasema mama anasema hivi, na mume anasema hivi, na wote wawili wanasema wamesikia kwako. Nilikuwa nimejiandaa abishe. Hakubisha. Aliweka kikapu chini.

"Ndiyo," akasema. "Nimewadanganya wote, na ningeendelea kuwadanganya. Nyinyi hamkumkuta. Mimi ndiye niliyemkuta." Akamgeukia mumewe. "Alikuwa ananitazama na hanijui. Kuku walikuwa wanadonoa kanga yake. Nilidhani ameshakufa, na macho ndiyo hayajafungwa. Kila nikifumba macho namwona pale. Sasa mnataka nimrudishe pale pale, halafu nikae sokoni nauza vitenge, nasubiri simu?"

Hapo akalia, kilio cha mtoto, pua na kila kitu. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ningefanya nini mimi, kama ni mama yangu Machame? Sijui. Labda na mimi ningefunga mlango.

Luhaga alifungua mlango akatoka, akaenda kusimama mvuani nyuma ya nyumba, ili mama mkwe apate njia. Bibi Kwandu akatoka chumbani. Akaja akaketi sakafuni karibu na bintiye, akamvuta kichwa.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "mtu anaweza kuanguka popote. Juzi bafuni kwako nimeteleza nikashika ndoo. Sikukwambia, maana mngenifungia na bafu." Elina akainua uso. "Kama ni kuanguka, mimi nataka nianguke kwangu."

"Na nani atakuokota?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Jibu lilitoka nje. Luhaga aliita kupitia dirisha la jikoni, si kwa mama mkwe, aliniita mimi: "Mama Tumsifu! Mwambie mama, Martha anaweza kwenda kukaa naye mpaka matokeo yatoke. Na mimi kiwanda kimefungwa, nitakuja Jumamosi kulima, nitaanzia upande wa chini, yeye atakuwa upande wa juu."

Nikamgeukia bibi nikarudia neno kwa neno, ingawa amesikia yote, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Martha akauliza kama Nkoma mtandao unashika.

Tuliondoka siku mbili baadaye na gari la kukodi, Elina, bibi, Martha na mimi mjumbe, pamoja na mbuzi jike ambaye Luhaga aling'ang'ania kumtoa ingawa hakuombwa. Njia nzima Elina alikuwa amemshika mama yake mkono, na barabara ilivyokuwa ya tope, gari likiteleza alikuwa anamkaza zaidi. Nilijua bado anatafuta sababu ya kutugeuza. Nilikuwa namwonea huruma na kumkasirikia kwa zamu.

Nyumba tuliikuta imesimama, paa limebonyea upande mmoja, majani yamefika dirishani. Elina akashika kufuli ili afungue. Mama yake hakumfuata. Alikwenda mpaka katikati ya uwanja, mahali penye wazi kabisa, akasimama. Mbali kule ng'ambo ya mashamba kulikuwa na mtu ameinama analima, nilimwona kwa shida. Bibi Kwandu akavuta pumzi, akaita.

Niliruka. Mbuzi naye aliruka. Ilikuwa sauti nene, ndefu, iliyovuka shamba lake na shamba la pili yake, na yule mtu kule akainuka, akainua jembe juu, akaitika. Wakaanza kuzungumza hivyo hivyo, kutoka huku hadi kule, wakiulizana habari za mvua na za watoto na za waliokufa, bibi akicheka kwa kelele, kichwa nyuma, mikono kiunoni. Mtu wa pili akatokea mbali zaidi, naye akaitika.

Elina alikuwa ameketi kizingitini, ufunguo mkononi, machozi yanamtoka. Nikamuuliza kuna nini tena.

"Sauti ya mama," akasema. "Nilikuwa nimeisahau."

Mimi sikuwa na cha kusahau. Miezi yote ile pale dirishani alikuwa akinong'ona, na mimi nilidhani ndiyo sauti yake.